Vinyume vya Fizi: Mgeni, Mwenyeji na Elimu ya Mantiki

Kiangazi kinapoingia katika milima ya Itombwe, na majani ya nyanda za juu yakaanza kukauka, wachungaji wa Minembwe na vijiji vinavyoizunguka wamezoea, tangu enzi za babu zao, kuteremsha ng'ombe kuelekea Lulenge na Ngandja, katika teritori ya Fizi, ambako mabonde huhifadhi unyevu na malisho hayamalizwi upesi na jua. Safari hiyo hupita katika ardhi ambayo Wabembe huihesabu kuwa ni urithi wao, na kwa sababu hiyo ilikuwako ada moja iitwayo itulo, ambayo kwayo mwenye kundi humtolea chifu wa mahali ng'ombe, naye chifu humpa ruhusa ya kupita na kulisha mpaka mvua zirudi. Vita vya miaka hii vimeivuruga ada hiyo, na mahali pengi mwenye bunduki amejitwalia haki iliyokuwa ya chifu. Lakini hata pasipo bunduki pana mgogoro wa namna nyingine, ambao kwa maoni yangu ni wa falsafa kuliko wa malisho. Kwa upande wa chifu, ng'ombe yule ni ungamo: anayemtoa anakiri kwamba ardhi ina wenyewe, na kwamba yeye si mmoja wao. Kwa upande wa wachungaji wengi ni hisani ya jirani kwa jirani, zawadi ambayo mtu huitoa kwa hiari yake na aweza kuizuia bila ya kuvunja haki ya mtu. Ng'ombe ni yule yule na kamba ni ile ile, walakini watu wawili huondoka mahali pamoja wakiwa na habari mbili zisizopatana juu ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Jozi hii ya mgeni na mwenyeji ni mojawapo ya jozi nyingi ambazo akili ya mwanadamu huzitumia kuupimia ulimwengu, na wanafalsafa, ambao kazi yao ni kuchunguza vipimo kabla ya kuchunguza kinachopimwa, wameshughulika nazo tangu mwanzo wa elimu yao. Heraclitus wa Efeso aliona kwamba vitu vyote hudumu kwa mvutano wa vinyume vyake. Wenye hekima wa China waliugawa ulimwengu mzima katika yin na yang. Na Hegel, katika kitabu alichokitoa mwaka 1807, alieleza jinsi bwana anavyomhitaji mtumwa wake ili aweze kuitwa bwana, hata mwisho wake ubwana ukageuka kuwa utegemezi. Sababu ya mapenzi hayo kwa vinyume si ngumu kuiona, kwani wazo lisilo na mpaka halishikiki, na mpaka wa wazo aghalabu ni wazo jingine lililo ng'ambo yake. Wako wanaosema siku hizi kwamba kufikiri kwa vinyume ndiko chanzo cha fitina zote za dunia, na kwamba tungeliacha kusema "sisi" na "wao" tungelipatana mara moja. Mimi siafikiani nao. Madhara mengi hayatoki katika kutumia vinyume, bali katika kutumia kinyume cha aina moja mahali palipotaka kinyume cha aina nyingine. Na Fizi, kwa bahati yake njema na mbaya, ni mahali ambapo makosa ya namna hiyo yaweza kuonekana kwa macho na kuhesabiwa kwa tarehe.

Aristotle, katika risala yake ya mantiki ambayo Waarabu waliifasiri kwa jina la Maqulat, alizigawa jozi za vinyume katika mafungu manne, na mgawanyo huo, uliopokewa na kuchambuliwa na wanamantiki wa Kiislamu, akiwamo Ibn Sina, haujachakaa hata leo. Fungu la kwanza ni la nisba, ambamo kila upande husimama kwa kumwegemea mwenzake: hakuna baba pasipo mwana, wala muuzaji pasipo mnunuzi, na mtu yule yule aweza kuwa baba kwa huyu na mwana kwa yule bila ya kubadilika hata unywele. Fungu la pili ni la sifa zinazopigana, kama joto na baridi, ambazo haziwezi kukaa katika kitu kimoja kwa wakati mmoja, walakini mara nyingi huacha nafasi katikati yao. Na watu wa mji wa Baraka, katika Fizi, hawana haja ya kwenda mbali kutafuta kitu cha katikati, kwa maana Ubwari, ile nchi ndefu ya milima iifungayo ghuba yao upande wa mashariki, Richard Burton aliyelivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1858 aliiandika kuwa ni kisiwa, ilhali ni rasi, yaani imeingia majini pasipo kuagana na bara. Fungu la tatu ni la kuwa na kitu na kukikosa, kama kuona na upofu, na hapa Aristotle aliweka sharti ambalo nitalirudia baadaye, kwamba hatusemi kitu kimekosa ila kile ambacho kwa maumbile yake kilistahili kuwa nacho: jiwe halioni, lakini hakuna aliyewahi kuliita kipofu. Fungu la nne ni la ndiyo na siyo. Boti ya Uvira imefika, au haikufika. Hapana katikati, wala pa kujifichia.

Juu ya fungu hili la mwisho wanamantiki wa Kiislamu walikuwa waangalifu kupita kiasi, na uangalifu wao una faida kwetu. Athir al-Din al-Abhari, mwanachuoni wa karne ya 13, aliandika kitabu kidogo kiitwacho Isaghuji, ambacho wanafunzi wa madrasa za nchi nyingi wamekisoma kwa mamia ya miaka, na ndani yake alifundisha kwamba kauli mbili hazihesabiwi kuwa zinakanushana, hata kama moja inasema ndiyo na nyingine inasema siyo, mpaka zipatane katika mambo kadha wa kadha, na miongoni mwa mambo hayo ni wakati, mahali na nisba. Mtu akisema Juma amelala, na mwenziwe akasema Juma hakulala, hakuna aliyesema uongo maadamu mmoja anazungumzia usiku na mwingine anazungumzia mchana. Sharti hili laonekana dogo, hata msomaji aweza kucheka kwamba wazee wale walipoteza wino kwa jambo linalojulikana na kila mtoto. Lakini serikali na majeshi yamelisahau mara nyingi kuliko watoto.

Sasa tuitie jozi ya mgeni na mwenyeji katika mizani hiyo. Hapana shaka kwamba ni jozi ya nisba: mtu si mgeni kwa dhati yake kama alivyo mrefu au mfupi, bali ni mgeni kwa fulani, mahali fulani, katika wakati fulani. Vita vilipoingia Kivu ya Kusini mwaka 1996, Wabembe wengi walilivuka Ziwa Tanganyika wakaingia Kigoma, wakapokewa katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka ule ule. Na watu waliokuwa wamehojiana na majirani zao miaka mingi juu ya nani mwenye ardhi, sasa walijikuta hawana haki ya kutoka nje ya mpaka wa kambi pasipo kibali. Wengine walirudi Baraka na Fizi baada ya miaka kumi au zaidi, na baadhi ya watoto wao walikuwa wamezaliwa Tanzania wala hawakuwa wameiona Kongo kwa macho yao. Hawajakaa sana, Warundi wakaanza kuingia mwaka 2015 kwa kuukimbia msukosuko wa Bujumbura, na kambi yao ikafunguliwa Lusenda, ndani ya teritori hii hii ya Fizi, ufukoni mwa ziwa lile lile. Na mtu ambaye jana aligawiwa unga wa msaada Nyarugusu, leo alikuwa ndiye mwenyeji aliyeombwa kuni na kipande cha kulima. Ugeni ulihama kutoka kwa mmoja ukaenda kwa mwingine, kama inavyopasa kila jambo la nisba, na wala haukuacha alama katika damu ya yeyote.

Kama ni hivyo, yafaa kuuliza ni nani aliyeitoa jozi hii katika fungu lake na kuifanya kana kwamba ni tabia ya kuzaliwa nayo. Valentin-Yves Mudimbe, mwanafalsafa aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, ambaye kitabu chake cha mwaka 1988 juu ya jinsi Afrika ilivyobuniwa katika elimu ya Wazungu kimekuwa hoja ya lazima kwa kila mwanafunzi wa falsafa barani, alionyesha kwamba utawala wa kikoloni uliendeshwa kwa mfumo wa jozi: mila na usasa, masimulizi na maandishi, kijiji cha desturi na mji wa viwanda, kilimo cha kujikimu na uchumi wa tija kubwa. Mwafrika aliwekwa upande mmoja wa kila jozi, akaambiwa kwamba maendeleo ni safari ya kuelekea upande wa pili. Lakini Mudimbe alitilia maanani zaidi lile eneo la katikati, ambamo watu wengi waliishi kwa hakika, wakiwa wametoka huku wasifike kule. Mahmood Mamdani wa Kampala, katika kazi aliyoitoa mwaka 1996, aliongeza jozi ya raia na mtawaliwa: mjini palikuwa na sheria ya dola, ambayo iliwagawa watu kwa rangi, na kijijini palikuwa na sheria ya mila, ambayo iliwagawa kwa kabila, kila kabila na chifu wake na ardhi yake.

Katika Kongo ya Wabelgiji mpango huu ulipewa umbo lake kwa amri ya Desemba 1933, iliyowagawa wenyeji katika maeneo ya uchifu na sekta, na ndiyo asili ya mfumo ambao mpaka leo Fizi ina sekta nne, yaani Mutambala, Tanganyika, Ngandja na Lulenge. Hapa ndipo sharti la Aristotle juu ya kukosa linapotufaa. Wabembe wenyewe, kwa desturi yao ya kale, walikuwa watu wa koo, kila ukoo na wazee wake, wala hawakuwa na mfalme mmoja wa kabila zima. Na wachungaji wa Itombwe, waliotawanyika katika teritori tatu za Fizi, Mwenga na Uvira, hawakuwa na utawala wao wenyewe uliotambuliwa na Mbelgiji. Kabla ya amri kama hizo hakuna aliyeweza kusema kwamba watu hao "wamekosa" uchifu, kama vile hakuna awezaye kusema jiwe limekosa macho, kwa kuwa uchifu wa namna ile, wenye ramani na daftari la kodi, haukuwa sehemu ya maumbile ya jamii yoyote mahali pale. Dola iliukata uchifu kama fundi akatavyo kanzu ya kipimo kimoja, kisha ikawatazama watu na kusema: huyu imemkaa, yule imempwaya, na huyu wa tatu yu uchi. Toka hapo aliyekuwa hana uchifu alianza kuonekana kuwa hana kwao, na kukosa kitu kilichotengenezwa juzi kukawa ni dalili ya kukosa haki ya tangu na tangu.

Uhuru haukuiondoa dhana hiyo, bali uliipa tarehe. Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 ilisema kwamba Mkongomani ni yule ambaye mmoja wa wazazi wake wa asili alikuwa wa kabila, au sehemu ya kabila, lililokuwa limekaa nchini kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya Januari 1972 ikawapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya Juni 1981 ikaurudisha mpaka nyuma hata tarehe 1 Agosti 1885, siku ambazo Dola Huru ya Leopold ndiyo kwanza inazaliwa na hapakuwa na karani wa kuandika nani alilala wapi katika milima ya Itombwe. Kisha sheria ya Novemba 2004 ikausogeza mbele tena hadi wakati wa uhuru, yaani mwaka 1960, kwa kuyataja makundi ya watu ambao wao na ardhi yao ndio walioifanya Kongo. Katika muda wa miaka arubaini mtu mmoja, asiyehama kijiji chake wala kubadili jina lake, aliweza kuwa na shaka, akawa raia, akavuliwa uraia, akarudishiwa. Na kila mara dola ilimhukumu kwa ndiyo au siyo kana kwamba inasoma jambo lililoandikwa usoni pake. Al-Abhari angeliuliza swali moja tu: wakati gani? Na jibu lingekuwa kwamba wakati ndio uliokuwa ukibadilishwa, ilhali hukumu ilitolewa kana kwamba haitegemei wakati wowote. Sisemi kwamba dola haina haki ya kuchagua tarehe. Kila sheria ya uraia duniani ina mahali pa kuanzia. Nasema kwamba tarehe iliyochaguliwa na bunge ni sharti la mapatano, wala haiwezi kuwa habari ya dhati ya mtu.

Fizi imeletewa pia jozi kutoka mbali, na jozi mashuhuri kuliko zote ni ile iliyovuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa Aprili 1965, Ernesto Che Guevara aliposhuka Kibamba pamoja na Wakuba wachache wa kwanza, wakajiita kwa hesabu za Kiswahili, yeye mwenyewe akiwa Tatu. Alikuja na elimu ya Marx, ambayo huisoma jamii kwa pambano la tabaka mbili, na waasi wengi wa wakati huo walikuwa wameonja pia mafundisho ya Mao, aliyeandika mwaka 1937 kwamba katika kila hali ya mambo upo ukinzani mmoja ulio mkuu, na kwamba kazi ya mwanamapinduzi ni kuutambua huo kabla ya kupiga risasi. Guevara aliutafuta Fizi asiuone. Katika kumbukumbu alizoziandika baada ya kushindwa alikiri kwamba katika milima hii ardhi ilikuwa tele, kwamba hapakuwa na kabaila aliyewanyang'anya wakulima mashamba, na kwamba ilikuwa vigumu kusema mapinduzi yangempa mkulima huyo kitu gani ambacho hakuwa nacho. Jozi ya mnyonyaji na mnyonywaji haikuwa ya uongo. Katika migodi ya Katanga ingelipata nyama yake. Lakini hapa ilikuwa kama mshipi uliotupwa pasipo na samaki, na kwa kuwa haukushika kitu, watu walishika jozi nyingine zilizokuwa karibu na mkono: Mkongomani na Mnyarwanda, ambao walipigana bega kwa bega kwenye kituo cha umeme cha Bendera mwezi wa Juni, wakashindwa, kisha wakalaumiana. Kabla mwaka haujaisha mamluki wa Mike Hoare walikuwa wameitwaa Baraka, na Guevara alikwisha kurudi Kigoma.

Yaliyofuata ndiyo yenye mafunzo zaidi. Waasi waliosukumwa kutoka ufukoni walipanda nyanda za juu, wakakuta makundi ya ng'ombe, wakala ng'ombe hao kwa jina la mapinduzi. Na wachungaji, ambao mpaka hapo hawakuwa na sababu kubwa ya kuipenda serikali ya Mobutu, wakajiunga na jeshi lake ili kuilinda mifugo yao. Laurent-Désiré Kabila alipokiasisi chama chake cha PRP mwaka 1967 na kujenga maskani milimani Fizi, maskani yaliyodumu mpaka miaka ya themanini, alirithi vita ambavyo katika vitabu ni vya tabaka, lakini katika masikio ya watu vilikuwa vimekwisha kuwa vya Wabembe na Wanyamulenge, yaani wachungaji wale wa nyanda za juu. Hivyo ndivyo jozi isiyolingana na mahali inavyofanya kazi: haipotei hewani, bali hukodishwa na jozi nyingine, ikavaa nguo zake.

Katika kumbukumbu zile zile Guevara aliandika habari za dawa, maji ambayo mganga aliwanyunyizia wapiganaji ili risasi zisiwadhuru, kwa masharti kwamba mtu asiguse kisichokuwa chake, asimkaribie mwanamke, wala asiingiwe na hofu. Aliyekufa alionekana amevunja sharti. Aliyeishi alikuwa shahidi wa dawa. Mwanamantiki ataona mara moja kilichotendeka: siyo imeuawa. Hakuna tukio liwezalo kutokea uwanjani ambalo lingekuwa ni kanusho, na Karl Popper, aliyeandika mwaka 1934 juu ya kipimo cha kauli za sayansi, angelisema kwamba kauli isiyoweza kukanushwa haisemi kitu juu ya ulimwengu. Wasomaji wengi wa kumbukumbu zile hulicheka jambo hili, na kicheko chao hunichosha kidogo, kwa maana Popper huyo huyo aliwashitaki wafuasi wa Marx kwa kosa lilo hilo: mapinduzi yakifaulu, nadharia imethibitika, yakishindwa, wakulima hawakuwa na mwamko wa kutosha. Mganga wa Fizi na komisari wa chama walikuwa na mantiki moja.

Msomaji aliyezoea elimu ya Kiislamu ataniuliza kwa nini nisimlete Ibn Khaldun, ambaye katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 aliisoma historia kwa jozi ya badawa na hadhara, maisha ya nyikani na maisha ya mjini, na akaona asabiya, yaani mshikamano wa damu na jamaa, ikiwainua watu wa nyikani hata wakautwaa mji, kisha anasa ya mji ikawalainisha wajukuu wao. Jozi yake ina sifa moja kubwa, kwamba haikai tuli: upande mmoja hugeuka kuwa mwingine kwa mwendo wa vizazi. Lakini yafaa tuitumie kwa kiasi, kwani mchungaji wa Itombwe hulima maharage na mahindi, Mbembe wa Lulenge hufuga, na dhahabu ya Misisi imewakusanya vijana wa pande zote katika shimo moja, ambamo asabiya ya ukoo hushindana na deni la mwenye mtaji.

Nimewahi kuulizwa kama Wabembe wenyewe hawakuwa na fikra yao juu ya vinyume. Jibu la haraka lingekuwa ni kuionyesha alunga, ile sura ya mti ivaliwayo kichwa kizima, ambayo mtaalamu Daniel Biebuyck aliieleza kwa makini katika maandishi yake: ina nyuso mbili zilizopeana kisogo, kila mojawapo ikiwa na matundu makubwa ya macho yaliyochimbwa ndani na kupakwa rangi nyeupe, juu yake kuna manyoya na miiba ya nungu, na mwenye kuivaa hufunikwa mwili wote, akatoa sauti ya kukwaruza isiyofanana na sauti ya mtu. Ilikuwa mali ya chama cha wanaume, na leo nyingi zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Inavutia kusema kwamba nyuso hizo mbili ni falsafa ya Kibembe ya vinyume, mbele na nyuma, wazima na wafu. Lakini njia hiyo ndiyo aliyoipita padri Placide Tempels mwaka 1945, alipowatungia Wabantu wote falsafa moja kutokana na aliyoyasikia Katanga, na Paulin Hountondji wa Benin alimjibu kwa haki kwamba falsafa haisemwi na kabila zima kwa kinywa kimoja, bali husemwa na mtu mwenye jina, ambaye mwenziwe aweza kumpinga. Mimi nasema jambo dogo tu juu ya alunga: fundi aliyeichonga hakulazimika kuchagua uso mmoja.

Pingamizi moja limebaki, nalo ni zito. Kama ugeni na uenyeji ni mambo ya nisba, na kama kila kitu hutegemea wakati na mahali, je, si rahisi kwa mwuaji kujificha humo, akadai kwamba hata damu ina pande mbili? Watu wa Fizi wameisikia hoja hiyo kutoka kwa wakubwa wa kila jeshi. Mwezi wa Septemba 1996 raia wa Kinyamulenge waliuawa Lueba na Baraka. Tangu mwisho wa Desemba 1998 hata siku za kwanza za Januari 1999 raia wa Makobola, wengi wao Wabembe, waliuawa na askari wa uasi wa RCD na washirika wao. Mambo haya mawili hayamo katika fungu la nisba. Yamo katika fungu la nne. Mtu aliuawa au hakuuawa, tarehe ile, kijiji kile, kwa mkono wa fulani. Wakati, mahali na nisba vimekwisha kutajwa, masharti yote ya al-Abhari yametimia, na kauli moja haiko hapo kuipunguza nyingine. Anayesema "lakini na wao walitutenda" hajakanusha chochote, kwa kuwa amebadilisha mwenye kuuawa, amebadilisha kijiji, amebadilisha mwaka, akatoa kauli ya pili, nayo yaweza kuwa kweli pamoja na ya kwanza.

Umoja wa Mataifa ulitoa mwezi wa Oktoba 2010 ripoti juu ya maovu makubwa yaliyotendwa Kongo baina ya Machi 1993 na Juni 2003, ikiwa na matukio 617. Ya Lueba, ya Baraka na ya Makobola yote yamo ndani yake, nayo hayakupangwa kwa kabila la aliyekufa bali kwa mwaka na kwa mkoa.